SOMO LA REDIO: BEI YA MKONGE NA MFUKO WA KAMPUNI

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu. Wale walio karibu na ubao na waandike maneno manne kwa herufi kubwa: MAPATO, MATUMIZI, FAIDA, HASARA.

Maneno haya si mageni kwenu. Mapato ni fedha zinazoingia. Matumizi ni fedha zinazotoka. Mapato yakizidi matumizi, tofauti yake huitwa faida. Matumizi yakizidi mapato, tofauti yake huitwa hasara. Mama anayeuza maandazi stesheni ya Kilosa anajua jambo hili vizuri kuliko mimi.

Lakini leo tunauliza swali gumu zaidi. Inawezekanaje kampuni ipate hasara, na hali watu wake wamefanya kazi vizuri? Meneja yuleyule, wakataji walewale, mashine ileile, shamba lilelile. Mwaka jana faida, mwaka huu hasara. Kitu gani kimebadilika?

Swali hili si la mabwana wa ofisini tu. Mtu akiambiwa, "Kampuni imepata hasara, kuanzia mwezi ujao huna kazi," anayo haki ya kufahamu kama maneno hayo ni ya kweli. Na asiyejua hesabu hawezi kufahamu. Atasadiki kila aambiwalo, au atakataa kila aambiwalo. Yote mawili ni hatari.

MKONGE WA KILOSA

Tuchukue mfano wa jambo lililotokea hapa kwetu. Wazee wa Kilosa, Kimamba na Rudewa wanakumbuka mashamba makubwa ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Wengi walikuja kutoka mbali kufanya kazi huko, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Wengine hawakurudi kwao tena. Watoto na wajukuu wao ndio wenyeji wa leo.

Mkonge wenyewe ulitoka mbali. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, katika Marekani. Miche iliyotumwa ilikuwa kama 1,000, lakini iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache mkonge ulienea Tanga, Morogoro, Kilosa na kwingineko. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, mkonge ndio uliokuwa wa kwanza kati ya mazao tuliyouza nchi za nje. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Sasa fikirini. Singa za mkonge zilitoka shambani, zikasindikwa kwa mashine, zikaanikwa juani, zikafungwa marobota, zikapandishwa treni kwenda Dar es Salaam, kisha meli. Zilikwenda wapi? Zilikwenda Ulaya na Marekani. Huko zilisokotwa kuwa kamba, na nyingi ya kamba hizo zilinunuliwa na wakulima wa kule ili kufungia majani makavu ya ng'ombe. Basi mkataji wa Kimamba na mfugaji wa Marekani hawakuonana hata siku moja, lakini chakula cha mmoja kilitegemea kamba ya mwenzake.

HESABU YA KWANZA: BEI INAPOSHUKA

Fungueni daftari. Tutatunga kampuni ya mfano. Si kampuni ya kweli, na hesabu zake nimezifanya nyepesi ili tuzifuate pamoja. Tuiite Kampuni ya Mfano.

Kampuni hii inatoa tani 1,000 za singa kwa mwaka. Inauza kila tani kwa paundi 100 za Uingereza. Paundi moja ni shilingi 20. Kwa hiyo tani moja inaleta shilingi 2,000, na tani zote 1,000 zinaleta shilingi 2,000,000. Hayo ndiyo mapato.

Matumizi yake ni haya:

Mishahara ya wakataji na vibarua wengine: shilingi 900,000.
Mafuta ya mashine na vipuri: shilingi 250,000.
Nauli ya treni na meli: shilingi 250,000.
Meneja, makarani, nyumba, kodi na riba ya benki: shilingi 300,000.

Jumlisheni. Mmepata ngapi? Shilingi 1,700,000. Toeni katika mapato. Faida ni shilingi 300,000. Mwaka mzuri.

Sasa bei inashuka kutoka paundi 100 mpaka paundi 80. Imepungua kwa sehemu moja ya tano. Mtu atasema, "Basi na faida itapungua kwa sehemu moja ya tano." Tusikubali kabla ya kuhesabu. Paundi 80 ni shilingi 1,600. Mara tani 1,000, ni shilingi 1,600,000. Matumizi ni yaleyale, shilingi 1,700,000. Toeni. Hakuna faida. Kuna hasara ya shilingi 100,000!

Tazameni tena. Bei imepungua kwa sehemu moja ya tano, lakini faida imekwisha yote, na deni limezaliwa. Kwa nini? Kwa sababu bei ilishuka na matumizi hayakushuka pamoja nayo. Mkataji bado anataka ujira wake. Mashine bado inakunywa mafuta. Benki bado inadai riba. Na mkonge haungoji. Mmea usipokatwa kwa wakati wake, hutoa mlingoti mrefu wa maua, kisha hufa. Huwezi kuufunga mkonge kama unavyofunga duka.

Hili ndilo jambo la kwanza la kuandika: bei ikishuka kidogo, faida huweza kushuka sana.

BEI YA MKONGE ILISHUKA NA KUPANDA KWA NINI?

Je, bei hii alikuwa akiipanga meneja wa Kimamba? La. Ilipangwa na haja ya wanunuzi, na wingi wa mkonge sokoni. Tazameni mambo yaliyotokea.

Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianza kuanguka. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilinunua kidogo, na katika miaka michache bei ya mkonge ikawa chini ya nusu ya ilivyokuwa.

Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliteka Ufilipino na Java, nchi zilizokuwa zikitoa nyuzi za kamba. Uingereza na wenzake wakabaki na haja kubwa ya mkonge wa Afrika Mashariki. Vita ya mbali ikaamsha mashamba ya Kilosa.

Mwaka 1950 vita ilianza Korea. Nchi kubwa zikaogopa kupungukiwa, zikanunua na kuweka akiba. Mwaka 1951 bei ikapita paundi 200 kwa tani. Hofu ilipopungua, haja ikapungua, na bei ikaanguka vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bei ilipanda tena. Kisha kuanzia mwaka 1964 ikaanza kushuka, na kufikia mwaka 1967 ilikuwa imebaki kama nusu. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, Brazil na nchi nyingine zilikuwa zimepanda mkonge mwingi. Ya pili, viwanda vya nchi tajiri vilianza kutengeneza kamba za plastiki kutokana na mafuta ya petroli. Kamba hizo hazikuhitaji jua la Kilosa wala mikono ya mkataji.

Hapa pana mtego ambao kila mkulima anaujua. Bei ikiwa nzuri, watu wengi hupanda. Mkonge hukaa kama miaka 3 kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Wote waliopanda pamoja huvuna pamoja, soko hujaa, na bei huanguka. Ufuta na vitunguu huwafanya watu vivyo hivyo, ila kwa muda mfupi zaidi.

HESABU YA PILI: FEDHA YA MGENI

Sasa tuje katika mwaka 1967. Mwaka huo ulikuwa na mambo mengi, na ningependa muutie alama katika daftari.

Mwezi wa Juni 1967 vita ilipiganwa kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Mfereji wa Suez ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka Juni 1975. Meli za kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka kusini, kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikawa ndefu, na nauli ikaongezeka.

Tarehe 18 Novemba 1967 Serikali ya Uingereza ilishusha thamani ya paundi. Tanzania haikushusha thamani ya shilingi yake. Kabla ya siku ile, paundi moja ilikuwa shilingi 20. Baada yake, paundi moja ikawa shilingi 17 na senti 14 tu.

Rudini kwenye Kampuni ya Mfano. Tuseme mnunuzi analipa paundi 100 zilezile kwa tani. Hakupunguza hata paundi moja. Lakini sasa paundi 100 zinaleta shilingi 1,714, si 2,000. Mara tani 1,000, ni shilingi 1,714,000. Mishahara na nauli ya treni zinalipwa kwa shilingi, nazo hazikubadilika. Toeni shilingi 1,700,000. Faida iliyobaki ni shilingi 14,000. Jana ilikuwa 300,000.

Sasa tuongeze nauli ya meli. Tuseme nauli yote imepanda kutoka shilingi 250,000 mpaka 300,000. Matumizi yanakuwa shilingi 1,750,000. Mapato ni 1,714,000. Hasara ni shilingi 36,000.

Hakuna mkataji aliyelala. Hakuna karani aliyeiba. Mvua imenyesha. Lakini mfereji umefungwa mbali, na serikali ya mbali imebadili fedha yake, na kampuni imeingia katika hasara. Na kumbukeni, katika hesabu hii tuliacha bei katika paundi 100. Mwaka 1967 bei yenyewe ilikuwa imeshuka pia.

Fedha inaweza kugeuka upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 20 za Tanzania. Katikati ya mwaka huohuo shilingi ilishushwa thamani, na dola ikawa shilingi 40. Muuzaji wa mkonge alipata shilingi nyingi zaidi kwa kila dola. Lakini alipotaka kuagiza kipuri cha mashine kutoka nje, kipuri kile nacho kilipanda bei kwa shilingi. Basi mtu asiseme kwamba shilingi kushuka ni kuzuri au ni kubaya, mpaka ajue kampuni inauza nini nje, na inanunua nini kutoka nje.

MAMBO YA NJE NA MAMBO YA NDANI

Andikeni sasa mambo ya nje tuliyoyaona: bei ya soko la dunia, haja ya wanunuzi, washindani, kama Brazil na kamba za plastiki, thamani ya fedha, na nauli. Ongezeni na haya: riba ya benki, kodi, na sheria za serikali. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, mishahara ya wafanya kazi wa mashamba iliongezwa. Kwa mfanya kazi ulikuwa ni haki na chakula cha watoto. Katika daftari la kampuni yaliongezeka matumizi. Jambo moja huandikwa kwa njia mbili katika madaftari mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Lakini ngojeni. Tusije tukasema kwamba kila hasara imetoka nje. Huo ungekuwa udanganyifu, na meneja mvivu angeupenda sana.

Mwezi wa Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge na kuunda Shirika la Mkonge. Shirika lilianza kazi wakati bei ikiwa mbaya. Hilo lilikuwa jambo la nje. Lakini kuanzia Oktoba 1973 nchi zinazotoa petroli zilipandisha bei, na kufikia Januari 1974 bei ilikuwa imezidi mara tatu. Kamba za plastiki, zinazotengenezwa kwa petroli, zikawa ghali. Wanunuzi wakarudi kwenye mkonge, na mwaka 1974 bei ya mkonge ikapanda sana.

Je, tulinufaika kama tulivyoweza? Hapana. Mashamba mengi yalikuwa hayakupandwa upya. Mkonge uliokuwa mzima ulikuwa umezeeka, na pengine magugu yalikuwa yamemea katikati. Na mkonge, kama tulivyosema, unataka kama miaka 3. Bei ilikuja kubisha hodi, na ndani hapakuwa na singa za kutosha. Tani ziliendelea kupungua mwaka hata mwaka, na mwisho wa miaka ya 1980 nchi nzima haikufikisha tani 50,000. Brazil iliendelea kuuza katika soko lilelile.

Basi bei ya dunia haikuwa sababu peke yake. Kutopanda, vipuri kukosekana na uongozi dhaifu ni mambo ya ndani, na yalifanya sehemu yake. Mwaka 1998 mashamba mengi ya umma yaliuzwa kwa watu binafsi. Na hapa Kilosa mashamba kadhaa yaligeuka pori. Katika miaka ya karibuni hati za baadhi yake zilifutwa na Serikali, na wanavijiji wakalima mahindi mahali palipokuwa na mistari ya mkonge.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Siku ukiambiwa kwamba kampuni, au chama chenu cha ushirika, kimepata hasara kwa sababu ya mambo ya nje, usikubali upesi wala usikasirike upesi. Uliza maswali matatu.

La kwanza: je, wenzetu wanaouza kitu kilekile wamepata hasara pia mwaka huu? Kama wote wamelia, huenda upepo umetoka nje. Kama sisi peke yetu tunalia, tutazame ndani ya nyumba.

La pili: je, kutoa tani moja kumetugharimu kiasi gani mwaka jana, na kiasi gani mwaka huu? Bei ya soko hatuipangi sisi. Lakini mafuta yanayomwagika, mashine isiyotengenezwa na singa zinazooza kwa kukosa kuanikwa ni mambo yetu.

La tatu: je, faida ya miaka mizuri ilikwenda wapi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Rudini kwenye Kampuni ya Mfano. Bei ikifika paundi 140, mapato ni shilingi 2,800,000, na faida ni shilingi 1,100,000. Faida ya mwaka mmoja kama huo ingeweza kufidia hasara ya shilingi 100,000 kwa miaka 11! Kama sehemu yake iliwekwa akiba, na sehemu ikapanda mkonge mpya, kampuni itavuka mwaka mbaya bila kufukuza watu wote. Kama yote iligawanywa ikaliwa, basi njaa ya mwaka mbaya ilianza kupikwa katika mwaka mzuri.

Msidhani mambo haya ni ya mkonge tu. Wakulima wa miwa wa Ruaha na Kidatu wanajua bei ya sukari inavyoweza kubadilika pale sukari ya nje inapoingia. Na huko Mikumi, mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowazuia watu kusafiri, watalii wa kutoka nje walipungua sana nchini. Mpishi na mfagizi wa hoteli hawakukosea kitu. Mlango wa nje ulifungwa.

Mkulima hawezi kuamuru mvua, lakini hujenga ghala. Kampuni nayo haiwezi kuamuru bei ya London wala thamani ya dola. Inaweza kuweka akiba, kuepuka deni kubwa wakati wa furaha, na kutotegemea zao moja na mnunuzi mmoja. Na sisi tunaofanya kazi ndani yake, au tulio wanachama wake, tunaweza kusoma hesabu zake. Ndiyo maana mnajifunza kusoma.

KAZI YA DARASA

1. Kampuni ya Mfano inauza tani 1,000 kwa paundi 90 kila tani. Paundi moja ni shilingi 20. Matumizi ni shilingi 1,700,000. Je, imepata faida au hasara? Kiasi gani?

2. Ni bei gani ya tani moja, kwa shilingi, itakayoifanya kampuni hii isipate faida wala hasara?

3. Zungumzeni pamoja: katika kijiji chenu, ni kazi gani inayotegemea bei ya mbali? Bei hiyo ikishuka kwa sehemu moja ya tano, nani ataumia kwanza?

Majibu ya hesabu ni haya, lakini msiyatazame kabla ya kujaribu. La kwanza: faida ya shilingi 100,000. La pili: shilingi 1,700, ambazo ni paundi 85.

Katika somo lijalo tutajifunza kusoma risiti na kuandika daftari la mapato na matumizi ya nyumbani. Njooni na madaftari yenu. Kwaherini, ndugu zangu, na someni kwa bidii.